Nianzie wapi kuujua muziki wa roki wa Seattle kwa kusikiliza podikasti?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naishi Morogoro na nimekuwa mpenzi wa roki tangu sekondari, lakini kuhusu Seattle ninachokijua ni Nirvana na Pearl Jam tu. Ningependa kuuelewa muziki wa mji ule kupitia podikasti, kwa sababu vitabu vyake sivipati huku. Nikitafuta kwenye simu ninaletewa vipindi vingi mno na karibu vyote vinazungumzia kifo cha Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana. Nianzie wapi, nifuate utaratibu gani, na bando langu dogo litatosha?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Tatizo ulilokutana nalo halitokani na uvivu wako wa kutafuta. Programu za kusikilizia podikasti hutanguliza kile ambacho wengi wamekwisha kukisikiliza, na kwa kuwa kifo cha Cobain cha Aprili 1994 kilijulikana dunia nzima, kila anayeanzisha kipindi cha mazungumzo kuhusu roki hujikuta, mapema au baadaye, amekigusa. Ukiandika jina la mji peke yake, au jina la nyota, utapewa hadithi hiyo hiyo kwa sauti nyingi tofauti. Kwa hiyo acha kutafuta kwa majina ya nyota. Tafuta kwa majina ya kumbi, studio, vituo vya redio, lebo na hata sheria za mji. Nyota walihama, wakaenda kurekodi California na kuzunguka dunia, ilhali waliobaki mjini wakilipa pango, wakikodi vyombo na kugombana na halmashauri ndio wenye habari unazozitaka, na hao huhojiwa kwenye vipindi ambavyo havitokei juu kwenye orodha.

Mlango wa kwanza ni kituo cha redio cha KEXP. Kilianzishwa mwaka 1972 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kwa jina la KCMU, kikabadilishwa jina mwaka 2001, na tangu 2016 kina makao yake katika eneo la Seattle Center. Huenda umekwisha kuona video zake za bendi zikipiga moja kwa moja studioni. Wengi huishia hapo, wasijue kwamba kituo hicho chenyewe ni sehemu ya historia wanayoitafuta. Katika miaka ya 1980 watangazaji wake wa kujitolea walikuwa pamoja na Kim Thayil, mpiga gitaa wa Soundgarden, na pia Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, ambao kila mmoja alikuwa na kipindi chake. Thayil ndiye aliyewakutanisha wawili hao, nao mwaka 1988 wakafungua rasmi ofisi ya lebo ya Sub Pop, iliyotoa rekodi za mwanzo za Mudhoney, Soundgarden na Nirvana. Kwa hiyo unaposikiliza podikasti za KEXP unasikiliza taasisi inayojisimulia, jambo lenye faida na kasoro zake. Faida ni kwamba wanazo kanda, wanazo namba za simu za wahusika, na wanawafahamu watu wasio maarufu. Kasoro ni kwamba hawawezi kuwa wakali sana dhidi ya marafiki zao.

Ila kabla ya podikasti zao, ningependa uanze na mfululizo wa kituo kingine cha redio cha Seattle, KUOW, ambao pengine ungeuruka kwa sababu haumtaji nyota yeyote katika jina lake. Unaitwa "Let the Kids Dance!", na unasimulia habari za sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri ya jiji la Seattle mwaka 1985, iliyojulikana kama Teen Dance Ordinance. Chanzo chake kilikuwa hofu ya wazazi na viongozi juu ya klabu za usiku zilizokuwa zikipokea watoto, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Dawa iliyotolewa, hata hivyo, ilikuwa kali kupita ugonjwa. Mtu aliyetaka kuandaa dansi ya watu wa chini ya miaka 18 alitakiwa kuwa na bima ya dola milioni moja, kuajiri askari polisi walio nje ya zamu, na kufuata masharti ya umri yaliyowatenganisha vijana na watu wazima kwa namna iliyokuwa vigumu kuisimamia mlangoni.

Hebu litazame jambo hili kwa macho ya mwandaaji wa onyesho. Una ukumbi wa watu mia mbili, bendi tatu ambazo hazijulikani, na kiingilio cha dola chache. Hata ukumbi ukijaa, makusanyo ya usiku mzima hayalipi bima ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba wenye kumbi walichagua kuuza pombe na kuwafungia nje walio chini ya miaka 21, huku vijana wakihamia kwenye maghala, vyumba vya chini vya nyumba na miji ya jirani. Huko Redmond, mji ulio mashariki ya Seattle, jengo la zamani la zimamoto liligeuzwa kuwa kituo cha vijana chenye jukwaa, na kizazi kizima cha bendi kilijifunzia hapo. Krist Novoselic, mpiga gitaa la besi wa Nirvana, alikuwa miongoni mwa waliounda kamati ya wanamuziki iliyoitwa JAMPAC katikati ya miaka ya 1990 ili kupambana na sheria hiyo, lakini haikufutwa hadi mwaka 2002. Zingatia miaka hiyo vizuri. Kuanzia 1985 hadi 2002 ndicho kipindi chote ambacho dunia iliuona mji huo kuwa makao makuu ya roki ya vijana, na katika kipindi hicho hicho kijana wa miaka 16 wa Seattle alipata shida kubwa kuingia kihalali kwenye onyesho mjini kwake. Sijaona makala yoyote ya runinga iliyonieleza jambo hilo kwa uzito unaostahili, na ndiyo maana nauweka mfululizo huu mbele ya mingine yote.

Ukishaumaliza, nenda kwenye "The Cobain 50" ya KEXP. Najua umesema umechoka na Cobain, lakini mfululizo huu haumhusu kwa namna unayoiogopa. Msingi wake ni orodha ya albamu 50 alizozipenda, aliyoiandika kwa mkono katika daftari lake, na kila kipindi kinachukua kazi moja kutoka katika orodha hiyo na kuieleza kwa kina. Humo utamkuta Leadbelly, mwimbaji mweusi wa kusini mwa Marekani aliyefariki mwaka 1949. Utawakuta The Raincoats, bendi ya wanawake ya London. Utawakuta Public Enemy, ambao ni wa hip hop. Na utawakuta Wipers wa Portland, mji ulio kusini ya Seattle, ambao pasipo wao sauti ya magitaa ya kaskazini-magharibi isingekuwa ilivyo. Faida ya mfululizo huu kwako ni kwamba unaonyesha masikio ya mwanamuziki mmoja yalikuwa wazi kwa kiasi gani, na unakutoa kwenye dhana kwamba muziki wa mji fulani huota kwenye udongo wake peke yake. Si lazima uusikilize kwa mpangilio wala uumalize wote. Chagua albamu ambazo unaweza kuzipata, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Kisha tafuta mahojiano ya watu wa studio, na jina la kuanzia ni Jack Endino. Huyu alifanya kazi katika studio iliyoitwa Reciprocal Recording, kwenye mtaa wa Ballard, ndani ya jengo dogo la pembetatu, akitumia mashine ya kurekodia yenye njia nane tu. Albamu ya kwanza ya Nirvana, "Bleach", iliyotoka Juni 1989, ilirekodiwa hapo, na hati ya malipo ilisomeka dola 606.17. Fedha hizo zilitolewa na Jason Everman, ambaye picha yake ipo kwenye jalada na jina lake limeandikwa kama mpiga gitaa, ingawa hakupiga hata noti moja katika albamu hiyo. Bendi iliona kwamba aliyelipa anastahili kutajwa. Miaka mingi baadaye jengo hilo hilo lilimilikiwa na Chris Walla wa bendi ya Death Cab for Cutie, ambayo muziki wake ni wa upole na hauna kelele za akina Mudhoney. Ukisikiliza mahojiano ya Endino na ya Walla kwa kufuatana, utasikia historia ya miaka zaidi ya ishirini ikipita ndani ya kuta zile zile, na hutapata hata jina moja la mtu ambaye habari zake hazihusiani na kazi.

Hapa ni lazima nikupe tahadhari. Podikasti nyingi za aina hii ni kumbukumbu za watu wazima kuhusu ujana wao, na kumbukumbu hupambwa. Wapo pia waliodanganya kwa makusudi, tena kwa furaha. Mwaka 1992, wakati waandishi wa habari walipokuwa wakimiminika Seattle kutafuta siri ya umaarufu wake, gazeti la The New York Times lilitaka kujua misimu, yaani maneno ya mtaani, ya vijana wa huko, likampigia simu Megan Jasper, aliyewahi kuwa mpokea wageni wa Sub Pop. Yeye akatunga misimu hapo hapo kwenye simu, gazeti likaichapisha mnamo Novemba kana kwamba ni lugha halisi ya mtaani, na baadaye kidogo ikabainika kwamba hakuna aliyekuwa akiitumia. Jasper baadaye alipanda hadi kuwa mkurugenzi mtendaji wa Sub Pop, na huusimulia mkasa huo mwenyewe kwenye mahojiano. Utafute, maana unachekesha, na pia utakuzoeza kuuliza kila msimulizi ana sababu gani ya kusimulia anavyosimulia. Mimi hutumia kanuni nyepesi: tarehe, bei na anwani zikitajwa na watu wawili wasiohusiana, ninaziandika, sifa na lawama ninazisikiliza tu.

Uwe pia na ramani kando ya simu yako. Kinachoitwa muziki wa Seattle kwa sehemu kubwa kililetwa Seattle. Nirvana walitokea Aberdeen, mji wa mbao na mvua ulio karibu na pwani ya Pasifiki, na eneo hilo hilo ndilo lililowatoa Melvins, ambao Cobain aliwafuata kama mwanafunzi anavyomfuata mwalimu. Screaming Trees walitoka Ellensburg, ng'ambo ya milima ya Cascade. The Sonics, waliopiga roki ya fujo tangu miaka ya 1960, ni wa Tacoma. Sub Pop yenyewe ilianza kama jarida dogo lililochapwa na Pavitt akiwa mwanafunzi huko Olympia, mji mkuu wa jimbo la Washington, na Olympia hiyo ndiko vuguvugu la riot grrrl, la wanawake wapigao punk, lilikopata nguvu kupitia bendi kama Bikini Kill. Usipoyaweka majina haya kwenye ramani, mazungumzo yatakupita, kwa kuwa watangazaji wa huko huyataja bila maelezo, kama nasi tunavyotaja Kilosa au Mikumi tukijua msikilizaji wa Morogoro ataelewa.

Sasa niseme jambo kuhusu podikasti za mauaji, kwa sababu utakutana nazo. Mia Zapata, mwimbaji wa bendi ya The Gits, aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai 1993 akiwa na umri wa miaka 27. Wanamuziki wa mji walichanga fedha za kumlipa mpelelezi wa binafsi, wanawake wa mjini wakaanzisha shirika la Home Alive lililofundisha mbinu za kujilinda, na muuaji hakupatikana hadi vinasaba vilipomtambulisha karibu miaka kumi baadaye, akahukumiwa mwaka 2004. Vipindi vingi vya uhalifu vimeligeuza tukio hili kuwa kitendawili cha kusisimua, vikatumia dakika nyingi kwa muuaji na dakika moja kwa sauti ya Zapata. Nakushauri uviache. Sikiliza kwanza albamu ya "Frenching the Bully" ya mwaka 1992, kisha tafuta kipindi ambamo wanabendi wenzake au waanzilishi wa Home Alive wanazungumza wenyewe. Tofauti utaiona ndani ya dakika tano.

Mwingine wa kumtafuta kwa jina ni Tina Bell. Alikuwa mwanamke mweusi aliyeongoza bendi ya Bam Bam kuanzia mwaka 1983, ambayo mpiga ngoma wake mmoja wa mwanzoni, Matt Cameron, alikuja kupigia Soundgarden na kisha Pearl Jam. Bam Bam walirekodi katika Reciprocal mwaka 1984, miaka kadhaa kabla ya Nirvana kufika kwa Endino. Hata hivyo, kwa miongo mingi jina la Bell halikutajwa katika simulizi za mji huo, naye alifariki mwaka 2012 kabla ya wengi kuanza kumwandika. Hata katika mahojiano marefu na yanayosifiwa ya wanaume waliokuwapo, sikiliza kama wanamtaja pasipo kuulizwa. Ukimya wao ni habari tosha kuhusu mji ule.

Nilikuahidi sababu ya kuchagua albamu unazoweza kuzipata. Podikasti za muziki mara nyingi hazina muziki wa kutosha. Redio ya Marekani inaporusha wimbo hewani hutumia leseni ya jumla, lakini podikasti ni nakala inayopakuliwa na kubaki kwenye simu ya msikilizaji, kwa hiyo mtengenezaji anahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ruhusa ya mwenye rekodi, wimbo kwa wimbo. Wasio na fedha wala mawakili hukata sekunde chache au huacha kabisa. Ndiyo maana utasikia watu wakieleza gitaa fulani kwa maneno mengi na usilisikie. Dawa yake ni kuandaa nyimbo tatu au nne zinazohusu kipindi kabla hujakianza, uzisikilize, kisha ndipo uwasikilize wanaozizungumzia. KEXP wana podikasti nyingine iitwayo "Song of the Day", ambayo hutoa wimbo mzima kwa idhini ya msanii, na kwa mtu mwenye bando dogo hiyo ni njia nafuu ya kujua bendi za sasa.

Kuhusu bando lenyewe, hesabu yake ni rahisi. Kipindi kilichohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa, na kilichohifadhiwa kwa kilobiti 64 hula nusu yake. Kwa hiyo hata vipindi vinne vya saa moja kwa wiki havifiki megabaiti 250, ambazo ni chache kuliko utakazotumia kutazama video kwa muda huo huo. Kinachomaliza bando ni kusikiliza moja kwa moja mtandaoni, kurudi nyuma, kukatika na kuanza upya, pamoja na programu kupakua vipindi vipya zenyewe bila wewe kujua. Tumia programu kama AntennaPod, ambayo ni ya bure kwa simu za Android, uingie kwenye mipangilio na kuizuia isipakue chochote isipokuwa ukiwa kwenye Wi-Fi, na iwe inafuta kipindi ukishakimaliza. Pakua ukiwa kazini au popote penye mtandao wa bure, kisha sikiliza njiani.

Kiingereza cha watu wa huko kina kasi na mizaha mingi, tena wanapozungumza wawili au watatu hukatizana. Punguza kasi hadi 0.8 kwa vipindi vya mazungumzo, kwa vipindi vilivyoandikwa na kuhaririwa, kama "Let the Kids Dance!", kasi ya kawaida inatosha. Baadhi ya vipindi huwa na maandishi kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ningependa usome kwanza kurasa hizo unapoona majina yanakuwa mengi.

Usiishie mwaka 1994. Ukumbi wa OK Hotel, ambako wimbo "Smells Like Teen Spirit" ulipigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tarehe 17 Aprili 1991, uliharibiwa na tetemeko la ardhi la Februari 2001 na haukurudi kuwa ukumbi wa muziki. The Crocodile, uliofunguliwa mwaka 1991, ulifungwa mwishoni mwa 2007, ukafunguliwa tena 2009, na baadaye ukahamia jengo jingine. The Vera Project, kilichoanzishwa mwaka 2001 vijana walipokuwa wakidai nafasi yao, bado kinapokea watu wa umri wote na huwafundisha kuendesha sauti na taa. Sub Pop walipata nguvu mpya kwa bendi za aina nyingine kabisa, wakiwamo Fleet Foxes mwaka 2008. Wakati huo huo kampuni kubwa za teknolojia zilipandisha pango kiasi kwamba chumba cha mazoezi ambacho mpiga ngoma wa 1988 alikimudu kwa kuosha vyombo mgahawani, mwenzake wa leo hawezi kukimudu kwa kazi hiyo. Mahojiano ya wamiliki wa kumbi na wanamuziki wa sasa ndiyo yatakayokueleza hayo, na utayapata katika podikasti ya KEXP iitwayo "Sound & Vision", ambayo pia huchanganya muziki na masuala ya jamii.

Mwisho, kama utataka kusikia mji huo ukiwa macho, sikiliza KEXP moja kwa moja siku utakayokuwa na Wi-Fi. Seattle iko nyuma yetu kwa saa kumi majira yao ya joto na saa kumi na moja majira yao ya baridi, hivyo saa moja asubuhi yao ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni yetu. Kipindi chao cha wanamuziki wa nyumbani kinaitwa Audioasis, na ni kile kile ambacho Poneman alikitangaza zamani za KCMU. Yote niliyokutajia ya kituo hiki ni ya bure; kinaendeshwa kwa sehemu kubwa na michango ya wasikilizaji, kwa hiyo utasikia wakiomba fedha mara kadhaa kwa mwaka, na kwa wiki hiyo nzima muziki hukatizwa na maombi hayo. Ukiikuta wiki ya namna hiyo, rudi kwenye podikasti ulizokwisha kuzipakua.